Mabaki ya dawa majini: Kwa nini 'haikuonekana' si sawa na 'haipo'

KIPIMO cha kawaida cha maji humweleza mkazi wa mjini mambo ya msingi: kama maji yana vijidudu vya kinyesi, kama yana tope, kama klorini inatosha na kama madini ya chuma au floraidi yamezidi. Kipimo hicho hakimwelezi jambo moja ambalo kwa miaka ya karibuni limewashughulisha sana wataalamu wa afya na mazingira: kama maji hayo yana mabaki ya dawa za kuua bakteria, yaani viuavijasumu, ambavyo wengi huviita antibiotiki.

Kwa wakazi wa Njombe na Makambako, swali hilo si la nadharia tupu. Njombe ni makao makuu ya mkoa uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Iringa, na Mto Ruhuji unaopita mjini hapo hupeleka maji yake Kilombero na hatimaye Rufiji. Makambako, kilomita 60 hivi kutoka Njombe, ni njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya na ile inayokwenda Songea, na pia ni kituo cha reli ya TAZARA. Miji yote miwili inakua haraka, na kama ilivyo katika miji mingi ya kadiri hiyo nchini, kaya nyingi hutumia vyoo vya shimo na makaro.

Jibu la swali hilo hutoka maabara. Hata hivyo, kabla mashine yoyote haijawashwa, iko kazi ya mikono inayoamua kama jibu litakalotoka ni la kweli au la kupotosha. Kazi hiyo huitwa uziduaji, yaani kuitoa kemikali iliyomo majini kwa kiasi kidogo mno na kuikusanya mahali pamoja ili ipimike.

Dawa zinavyofika mtoni

Dawa anayomeza mgonjwa haiishii yote mwilini. Sehemu yake hutoka na mkojo au kinyesi ikiwa bado ni dawa kamili. Kwa amoksilini, zaidi ya nusu ya dozi hutoka bila kubadilika. Kwa salfamethoksazoli, ambayo ni sehemu kubwa ya kidonge cha kotrimoksazoli kinachofahamika zaidi kwa jina la Septrin, takriban moja ya tano hutoka kama ilivyo. Sehemu nyingine hutoka ikiwa imefungwa na kemikali za mwili, lakini ikifika kwenye majitaka bakteria huweza kuifungua na kuirudisha kuwa dawa ileile.

Kotrimoksazoli ina uzito wa pekee mkoani Njombe. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa viashiria vya Ukimwi wa mwaka 2022-2023, maambukizi ya VVU mkoani humo yalikuwa asilimia 12.7 ya watu wazima, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Kwa miaka mingi dawa hiyo imekuwa ikitolewa kwa watu wanaoishi na VVU ili kuwakinga dhidi ya magonjwa nyemelezi. Imeokoa maisha ya wengi, na hakuna sababu ya mgonjwa yeyote kuiacha kwa hofu ya mto. Lakini mkemia anayetaka kujua aanze kutafuta dawa gani katika maji ya ukanda huu hana budi kuiweka juu kabisa ya orodha yake.

Njia ya pili ni mifugo. Njombe ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa, na wafugaji wa Tanzania hutumia oksitetrasaiklini na penisilini kutibu wanyama wao. Mnyama naye hutoa sehemu ya dawa kwenye mkojo na samadi, na samadi huenda shambani. Mvua za masika zinapoosha mashamba ya mteremko, sehemu ya mabaki hayo huweza kufika kwenye vijito.

Njia ya tatu ni sabuni na vipodozi vilivyotiwa viua bakteria kama triklosani. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilipiga marufuku triklosani na kemikali nyingine 18 katika sabuni za kunawia za majumbani kwa uamuzi wa mwaka 2016.

Ushahidi kutoka kwa majirani upo. Utafiti wa bonde la Mto Nairobi uliochapishwa mwaka 2016, ukiwashirikisha watafiti wa Kenya na Finland, ulikuta salfamethoksazoli inayokaribia nanogramu 14,000 katika lita moja ya maji ya mto. Mwaka 2019, watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha York cha Uingereza walitangaza kwamba walipima mito katika maeneo 711 ya nchi 72 na kukuta viuavijasumu katika asilimia 65 ya maeneo hayo. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa na maeneo yenye hali mbaya zaidi.

Kidonge kimoja, maboza 400

Ugumu wa kazi hii unaanzia kwenye udogo wa kinachotafutwa. Kidonge kimoja cha kotrimoksazoli cha miligramu 480 kina miligramu 400 za salfamethoksazoli. Kikiyeyushwa katika maji ya maboza 400, kila boza likibeba lita 10,000, kila lita ya maji hayo itakuwa na nanogramu 100 za dawa. Hicho ndicho kiwango ambacho mkemia anatakiwa kukiona, na mara nyingi hutakiwa kuona hata chini ya hapo.

Mtu anayekunywa lita 2 za maji hayo kila siku angehitaji zaidi ya miaka 5,000 kumeza dawa iliyomo katika kidonge hicho kimoja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO), katika tathmini yake kuhusu dawa katika maji ya kunywa, lilieleza kuwa athari ya moja kwa moja kwa mnywaji katika viwango hivyo ni jambo lisilotarajiwa, na halikuweka ukomo rasmi.

Hatari iko kwingine. Bakteria wanaoishi mtoni, kwenye tope na kwenye makaro hawapigwi dozi ya kuwaua. Wanapata kiasi kidogo kila siku. Watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha mwaka 2011 kuwa viwango vilivyo chini mno ya vile vinavyoua bakteria bado huwapa nafasi wale sugu kuwashinda wenzao na kuongezeka. Bakteria hao huweza kuwagawia wengine vinasaba vya usugu, wakiwamo wanaosababisha magonjwa kwa binadamu. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 yalionyesha kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Tanzania ilizindua mpango wake wa kwanza wa kitaifa wa kupambana na usugu huo mwaka 2017.

Kazi huanzia kwenye chupa

Makosa mengi hutokea kabla sampuli haijafika maabara. Chupa inayotumika huwa ya kioo cha rangi ya kahawia, iliyooshwa na kusuuzwa kwa methanoli. Rangi hiyo si urembo. Siprofloksasini, dawa inayotumika sana kutibu maambukizi ya njia ya mkojo na homa ya matumbo, huvunjika haraka ikipigwa na jua. Sampuli ikiwekwa kwenye chupa nyeupe na kuachwa nyuma ya gari kutoka Njombe hadi Makambako mchana kweupe, sehemu ya ushahidi huwa imepotea njiani.

Anayechota maji naye ni chanzo cha hatari. Aliyeshika vidonge asubuhi, aliyejipaka krimu yenye dawa au aliyenawa kwa sabuni ya kuua bakteria anaweza kuacha kwenye chupa kiasi kinachozidi kile kilichomo mtoni. Kwa sababu hiyo huvaa glavu safi, na hubeba pia chupa yenye maji safi ya maabara ambayo huifungua na kuifunga palepale mtoni. Chupa hiyo ya udhibiti ikikutwa na dawa, ni dhahiri kwamba uchafu umetoka kwa wachukuaji wenyewe.

Maji ya bomba yanahitaji hatua ya ziada. Klorini iliyomo haiachi kufanya kazi kwa sababu tu maji yamefungiwa ndani ya chupa. Huendelea kuzishambulia baadhi ya dawa, salfamethoksazoli ikiwamo. Mchukuaji wa sampuli hutia thiosalfati ya sodiamu au vitamini C ili kuizima klorini mara tu chupa inapojaa.

Baada ya hapo chupa huwekwa kwenye sanduku la barafu, gizani, chini ya nyuzi joto 6. Mwongozo namba 1694 wa Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, uliotolewa mwaka 2007 na kutumiwa kama rejea na maabara nyingi, unahimiza uziduaji uanze ndani ya saa 48, na usizidi siku 7. Hata kwenye baridi bakteria waliomo majini huendelea kuitafuna dawa taratibu.

Ndani ya katriji

Maabara, maji huchujwa kwanza kwa karatasi ya nyuzi za kioo ili kuondoa tope. Kisha hutiwa asidi mpaka kipimo cha pH kishuke hadi 2 au 3. Hatua hii ina sababu yake. Katika maji ya kawaida ya mto, molekuli nyingi za salfamethoksazoli huwa na chaji ya umeme, na kitu chenye chaji hupenda kubaki ndani ya maji. Asidi ikiongezwa chaji hiyo huondoka, na molekuli huwa tayari kuyaacha maji na kung'ang'ania kitu kingine.

Huongezwa pia kemikali iitwayo EDTA. Tetrasaiklini na siprofloksasini zina tabia ya kushikana na madini kama kalsiamu na magnesiamu. Zikishikana nayo hupita bila kunaswa. EDTA huyakamata madini hayo na kuziacha dawa huru.

Hapo ndipo inapoingia katriji. Ni kibomba cha plastiki kinachofanana na bomba la sindano, ndani yake mna chembechembe za plastiki maalumu zilizoshindiliwa. Chembechembe hizo zimeundwa ziwe na sehemu zinazopenda mafuta na sehemu zinazopenda maji, hivyo huweza kunasa dawa za aina nyingi kwa mpigo. Katriji huamshwa kwanza kwa methanoli, kisha kwa maji safi. Baada ya hapo sampuli hupitishwa taratibu, mililita 5 hadi 10 kwa dakika. Lita moja huweza kuchukua saa mbili au tatu. Mkemia mwenye haraka akiongeza kasi ya pampu, dawa hupita bila kupata nafasi ya kunaswa.

Maji yakiisha, katriji huoshwa kwa maji kidogo kuondoa chumvi, hukaushwa kwa pampu, na mwisho humiminiwa mililita chache za methanoli. Methanoli huzing'oa dawa zilizonaswa na kushuka nazo kwenye kichupa. Kimiminika hicho hupulizwa kwa gesi ya naitrojeni mpaka kikauke, kisha masalia huyeyushwa tena katika mililita moja tu. Kilichokuwa ndani ya lita nzima sasa kimo ndani ya mililita moja. Kimekolezwa mara 1,000.

Mashine inavyotambua

Tone dogo la mililita hiyo huingizwa kwenye mashine ya kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa ya masi. Sehemu ya kwanza hutenganisha kemikali ili kila moja itoke kwa wakati wake. Sehemu ya pili hupima uzito wa molekuli, huivunja, kisha hupima uzito wa vipande. Salfamethoksazoli huingia ikiwa na uzito wa 254 na moja ya vipande vyake vikuu huwa na uzito wa 156. Muda wa kutoka, uzito wa mwanzo na uzito wa vipande vikilingana na vya dawa halisi, mkemia ana haki ya kusema ameiona.

Lakini kukoleza dawa ni kukoleza pia vitu vingine. Maji ya mto unaopita kwenye misitu, mashamba ya chai na mabonde hubeba kemikali za majani yaliyooza, ambazo huufifisha mwitikio wa mashine. Dawa inaweza kuwapo na mashine ikaiona nusu tu.

Dawa ya tatizo hilo ni kutia kwenye sampuli, kabla ya kazi yoyote kuanza, kiasi kinachojulikana cha dawa ileile iliyotengenezwa kwa kaboni nzito au haidrojeni nzito. Pacha huyu mzito hupita njia ileile na hupata hasara ileile, lakini mashine humtofautisha kwa uzito wake. Kama zilitiwa nanogramu 100 na mwishoni zikaonekana 60, mkemia hujua kuwa asilimia 40 imepotea njiani au imefichwa, na hurekebisha hesabu ya dawa iliyotoka mtoni kwa kiwango hichohicho.

'Haikuonekana' ina maana nyingi

Hapa ndipo msomaji wa ripoti anapaswa kuwa makini. Neno "haikuonekana" katika safu ya matokeo huweza kumaanisha dawa haimo. Linaweza pia kumaanisha kuwa iliharibiwa na jua, ilitafunwa na bakteria kwenye sampuli iliyochelewa, ilipita kwenye katriji bila kunaswa, au imo kwa kiasi ambacho mashine hiyo haiwezi kukiona.

Mfano mzuri ni amoksilini. Ni miongoni mwa dawa zinazotumika zaidi duniani, na zaidi ya nusu yake hutoka mwilini kama ilivyo, lakini ni nadra kuonekana mtoni kwa wingi kwa sababu molekuli yake huvunjika upesi majini. Kutoionekana kwake hakuthibitishi kuwa haitumiki, wala kuwa haikuacha bakteria sugu nyuma yake.

Mfano wa pili ni siprofloksasini. Watafiti wa Sweden walipendekeza mwaka 2016 kuwa ikizidi nanogramu 64 kwa lita, huweza kuchochea usugu. Maabara ambayo ukomo wake wa kuona ni nanogramu 100 haiwezi kujibu swali hilo hata ikifanya kazi kwa uaminifu wote. Zaidi ya hayo, dawa hiyo hupenda kujishika kwenye tope. Anayepima maji yaliyochujwa peke yake na kulitupa tope anaweza kuwa ametupa sehemu kubwa ya alichokuwa akikitafuta.

Kwa hiyo ripoti inayostahili kuaminiwa hutaja mambo manne: ukomo wa kuona wa kila dawa, kiasi cha pacha mzito kilichopatikana, matokeo ya chupa ya udhibiti, na muda uliopita tangu maji yachotwe hadi yaziduliwe. Bila hayo, sufuri ni namba isiyo na maana.

Kikwazo cha umbali

Spektrometa za aina hiyo ni ghali kununua na kutunza, na hupatikana zaidi katika maabara kubwa za taifa na vyuo vikuu. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda mjini Mbeya, lakini kwa vipimo vya nadra sampuli huweza kulazimika kwenda mbali zaidi. Kutoka Makambako hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, na barafu huyeyuka.

Ziko njia mbili za kuupunguza umbali huo. Ya kwanza ni kufanya uziduaji karibu na mto. Pampu ndogo, katriji na kemikali chache vinatosha katika maabara ya kawaida ya maji. Badala ya kusafirisha makreti ya chupa za lita, husafirishwa katriji zinazoenea kwenye kiganja, zikiwa zimegandishwa. Na dawa iliyonaswa kwenye katriji kavu na baridi hudumu zaidi kuliko iliyomo ndani ya maji yenye bakteria.

Njia ya pili ilitumiwa na watafiti wa York katika uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliogusa maeneo 1,052 katika nchi 104. Walichuja mililita chache tu za maji papo hapo, wakazigandisha na kuzituma kwa ndege hadi kwenye mashine yenye uwezo mkubwa wa kuona bila kuhitaji kukolezwa. Njia hiyo ni rahisi kwa mchukuaji, lakini huifanya nchi itegemee mashine ya mwingine.

Nini kifanyike

Kwa Njombe na Makambako, mahali pa kuanzia panajulikana. Sampuli zichotwe juu ya mji kabla mto haujapokea chochote kutoka kwa watu, ndani ya mji, na chini ya mji. Tofauti kati ya pointi hizo ndiyo inayosema mji umeongeza nini. Zichotwe kiangazi, mto unapopungua na mabaki kukolea, na zichotwe tena mvua zinapoanza kuosha mashamba na mitaa. Visima vifupi vilivyo karibu na makaro visisahaulike.

Wakati vipimo hivyo vikisubiriwa, yapo yasiyohitaji mashine. Dawa zilizobaki au kuisha muda zisitupwe chooni wala kwenye karo, bali zipelekwe kituo cha afya kwa ajili ya kuteketezwa kwa utaratibu. Viuavijasumu visinunuliwe kwa kubahatisha kila mtu anapokohoa. Mfugaji afuate ushauri wa daktari wa mifugo na kuheshimu siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa. Dozi aliyoandikiwa mgonjwa imezwe kama alivyoelekezwa.

Maji ya Ruhuji hayasimami Njombe. Yanakwenda kwa wavuvi na wakulima wa Kilombero na Rufiji. Nao wana haki ya kupata ripoti ambayo sufuri yake imethibitishwa.